Abiria Hana Breki

Kabla hujaniuliza mimi ni nani wa kusimulia mambo ya watu, nikwambie kabisa: mimi ni mdogo wake dada, tumbo moja, na meza yangu ya kushonea imegusana na yake. Safarini sikuwepo. Habari za safari nimezisikia kwa dada, nikazisikia tena kwa shemeji, kila mmoja kwa wakati wake na kila mmoja akijipendelea. Pale wanapogongana, mimi namwamini dada.

Dada ni fundi wa siti za pikipiki. Watu wakisikia hivyo hudhani ni kazi ya kubandika viraka. Waje waone. Siti inaletwa hapa imekunywa mvua mpaka sponji inanuka, ngozi imechanika, mwenyewe anatembea ametanua miguu kwa maumivu. Dada haigusi kwanza. Anamwambia mteja apande pikipiki yake akae kama anavyokaa barabarani, kisha yeye anasimama nyuma, mikono kifuani, anamwangalia makalio bila haya, kama daktari anavyokuangalia ulimi. Wapo wanaume wazima walioona aibu wakashuka. Waliovumilia hawajawahi kujuta. Akimaliza kuangalia ndipo anang'oa pini, anapasua sponji kwa kisu chake kirefu chembamba, anaipiga msasa ifuate umbile la mtu, na mwisho ngozi.

Siti zikishang'olewa hufanana zote, kwa hiyo chini ya kila ubao tunaandika jina la mwenyewe kwa chaki, kisha tunaipanga ukutani kwenye foleni. Aliyetangulia ndiye anayetangulia. Hapa kwetu hakuna mkubwa wala mdogo. Aliwahi kuja bwana mmoja na suti yake akataka apenyezwe mbele, dada akamwonyesha benchi la kusubiria.

Mumewe, huyo shemeji yangu, watu humwita Kapteni. Hajawahi kupanda meli. Jina alipewa na wenzake wa klabu ya pikipiki za safari, zile kubwa zenye masanduku ubavuni na kioo cha kukinga upepo, kwa sababu kila msafara ulipotoka yeye ndiye aliyekuwa mbele. Anayo ya kwake, nyeusi, nzito kama ng'ombe mwenye mimba. Waliinunua wote wawili kwa jasho la wote wawili, ingawa ukimsikiliza shemeji utadhani aliizaa. Tangu walipoipata mpangilio ulikuwa mmoja tu: yeye mbele, dada nyuma.

Enzi hizo hawakuwa na cha kuwasiliana zaidi ya mikono. Kofi moja begani maana yake punguza mwendo. Mawili, simama nina haja. Akimfinya kiunoni, maana yake wewe mwanamume unataka tufe. Ilikuwa lugha nzuri tu, ila msikilizaji alikuwa mmoja, naye alikuwa akijitia hamnazo. Dada anapiga kofi, shemeji anaongeza mafuta. Wakifika, dada anashuka huku anatetemeka, anauliza, "Hukusikia nilivyokupiga?" Shemeji anavua helmeti taratibu, anatabasamu.

"Upepo, mama. Upepo mwingi, sikusikia."

Tangu lini upepo ukazuia kofi? Lakini hilo ndilo lilikuwa jibu lake mwaka nenda mwaka rudi. Na akiwa na wenzake pale klabuni wanakunywa chai, aliongeza na lingine: "Abiria hana breki, jamani. Abiria ni kutulia." Wenzake walicheka wakapigana mapaja.

Sasa njoo kwenye siti, maana hapa ndipo damu yangu huchemka. Pikipiki hizi zina siti mbili zilizotengana, ya mbele na ya nyuma. Ya mbele dada alimshonea mumewe kwa siku kadhaa, sponji ya tabaka mbili, ngozi laini, mishono huwezi kuiona. Ya nyuma, aliyokalia yeye mwenyewe, ilibaki ile ile iliyotoka kiwandani, nyembamba na ngumu kama kibao cha kukatia vitunguu. Kila alipotaka kuishona upya shemeji alikataa. Alisema sponji nene itaharibu umbo la pikipiki. Umbo! Fundi anayetuliza makalio ya mji mzima anarudi kutoka safari ameshika kiuno, eti kwa ajili ya umbo. Nilimwambia, "Dada, ing'oe uishone, usiulize mtu." Hakufanya. Nadhani alikuwa bado hajachoka.

Kisha kiharusi kikampiga shemeji asubuhi moja akinyoa ndevu. Tulimkimbiza hospitali, na nasema kweli nililia, maana pamoja na yote ni shemeji yangu. Mungu akamhurumia. Akili ilibaki, miguu ilirudi, na mdomo haukuguswa hata kidogo. Kilichogoma ni mkono wa kushoto. Unainuka, unashika kikombe kisicho na kitu, lakini vidole havina nguvu ya kukaza. Na klachi ya pikipiki iko mkono huo huo. Bila klachi hubadilishi gia, na bila gia una pambo la barazani.

Ikawa pambo kweli. Ilifunikwa turubai, na kila siku shemeji aliizunguka kama mtu aliyefiwa. Baadaye akaanza kusema iuzwe.

"Haiuzwi," dada akajibu.

"Sasa itakaa inaozea hapo? Nani ataiendesha?"

"Mimi."

Shemeji alicheka mpaka akapaliwa.

Acha acheke. Dada alikuwa amezoea kuendesha pikipiki za wateja kuzunguka uani akijaribu siti, ndogo kwa kubwa. Akajiandikisha shule ya udereva, mwanafunzi mwenye mvi kumzidi mwalimu, na leseni akaipata. Mimi mwenyewe niliogopa na sikumficha. Ameshapita hamsini, magoti yanalia akiinama kuokota uzi. Nikamwambia, "Dada, hayo magoti." Akasema, "Yalie tu. Mimi nimelia ya kutosha huko nyuma."

Tatizo likawa kimo. Siti ya mbele ilishonwa kwa miguu ya shemeji, na dada akiipanda vidole tu ndivyo vinavyogusa chini. Pikipiki ile ikikulalia huinuki. Basi siku moja tuko kazini, dada akaingia na ile siti chini ya kwapa, akaiweka mezani, akaigeuza. Chini ya ubao kulikuwa na maandishi yake ya zamani ya chaki: KAPTENI. Akayafuta kwa kiganja. Akang'oa pini. Akachukua kisu.

Shemeji alitokea mlangoni wakati vipande vya sponji vimeshatapakaa sakafuni.

"Wewe! Hiyo si siti yangu?"

"Ilikuwa," dada akasema, na hakuinua uso.

Shemeji alisimama pale akipumua. Nilijifanya natafuta sindano. Alitaka kusema jambo, akaona kisu, akaona na mimi nipo, akageuka akaenda zake. Dada alipomaliza, siti ilikuwa imeshuka na kubana mbele, nyayo zake zote mbili zikakanyaga chini. Akaigeuza akaandika kwa chaki: MIMI.

Binti yao, aliyeolewa mbali kule ng'ambo ya milima, alipopata habari kwamba mama ndiye dereva sasa, hakushangaa hata. Alituma intakomu. Ni vidude viwili vidogo, kimoja unakibana pembeni ya helmeti ya dereva na kingine ya abiria, kila kimoja na kipaza sauti cha kukaa mbele ya mdomo na spika nyembamba masikioni. Mnaongea mkiwa mwendoni kama mmekaa sebuleni. Aliambatanisha na ujumbe: "Ili msipigiane kelele njiani." Mtoto mwema, ila hakujua anachokifanya.

Dada alivaa miwani akasoma maelekezo mpaka mwisho. Kitufe cha kazi kiko upande wa kushoto wa helmeti, kwa sababu mkono wa kulia unashika mafuta na hautakiwi kubanduka. Unaweza pia kuunganisha simu yako. Ikiita, gusa kitufe mara moja utaongea peke yako. Ukikikandamiza, simu inaingia helmeti zote mbili, wewe na mwenzako, hata kama mazungumzo yenu yamezimwa. Dada akamweleza mumewe haya yote, akirudia.

"Mama," shemeji akamkatiza, "mimi nimeongoza misafara. Nitashindwa na kitufe?"

Siku ya majaribio walizunguka mji, na dada akarudi amevimba.

"Unajua alivyokuwa?" akaniambia. "Gia ya tatu. Ya tatu, nimesema! Punguza. Sio hivyo! Kona hiyo shika nje. Huoni baiskeli? Ona baiskeli! Miaka yote hiyo mimi naongea yeye hasikii. Leo yeye anaongea, mimi siwezi kuacha kusikia. Amekaa ndani ya sikio langu kama mbu."

"Sasa umefanyaje?"

"Nimemzima."

Kumbe inawezekana. Dereva akibonyeza upande wake, inalia tii kwenye helmeti zote mbili na mazungumzo yanakatika. Shemeji alilisikia hilo tii mara nyingi siku ile.

Lakini nisiwe mwongo, kulikuwa na upande mwingine. Kwenye kituo cha mafuta walikutana na wale wa klabu. Mmoja akapaza sauti, "Kapteni! Leo umebebwa kama mtoto?" Wakacheka kicheko kile kile walichokuwa wakicheka zamani, safari hii wakimcheka yeye. Shemeji naye akacheka, meno tu. Dada anasema njia nzima ya kurudi hakutoa amri hata moja. Mkuki kwa nguruwe, wanasema, kwa binadamu mchungu. Nilimwonea huruma. Huruma yangu ilidumu mpaka siku ya safari.

Binti alijifungua, na dada akasema wanakwenda kumwona mjukuu, kwa pikipiki, kupitia milimani. Alijiandaa kwa ugomvi. Shemeji akasema, "Sawa." Hivyo tu. Akasaidia hata kupanga nguo kwenye masanduku. Alichoomba ni kwamba wakishateremka mlima wasimame kidogo kwenye kituo kikubwa cha mafuta kule bondeni, kuna rafiki yake wa zamani anataka kumsalimia. Dada alifurahi akasema mumewe amelainika. Mimi nilijua shemeji halainiki bure, lakini nikanyamaza. Unamwambiaje mtu mwenye furaha?

Wakatoka asubuhi. Tambarare ilikwenda vizuri, shemeji akisifia hali ya hewa. Walipoanza kupanda mlima, mdomo ukafunguka. Barabara ile ina makona yanayojikunja, upande mmoja mwamba, upande wa pili hakuna kitu, na malori yanapanda kwa kusuasua. "Sasa mpite. Usimpite! Mpite sasa! Gia, mama, gia!" Dada akavumilia kona mbili tatu. Kisha akasema, "Baba, nakupenda, lakini sitaki kufa," akabonyeza. Tii. Akabaki na mlio wa injini na pumzi zake mwenyewe, na anasema hajawahi kuendesha vizuri kama pale. Alikuwa anaimba.

Walikuwa wameshaanza kuteremka upande wa pili simu ya shemeji ilipoita ndani ya helmeti yake. Alijua wamezimiana, tii alilisikia mwenyewe. Akataka kuipokea. Kitufe kiko kushoto, na mkono wa kushoto haukazi. Akapitisha wa kulia mbele ya uso, na glavu nene, akatafuta kitufe kwa kupapasa, na kwa kuogopa simu isikatike akakikandamiza kwa nguvu zake zote.

Dada alikuwa nyuma ya lori la mbao, jicho kwenye kona. Ghafla sikio lake likajaa sauti ya mwanamume asiyemjua.

"Kapteni, mmefika wapi? Mimi nipo hapa kituoni, gari la kubebea nimekuja nalo, na kamba."

"Tunateremka, mkuu," shemeji akajibu. "Sio muda."

"Na mama amekubali? Nisije nikagombana na watu."

"Yeye hajui. Nitamwambia tukishafika. Akiona watu atanyamaza. Kutoka hapo tutapanda basi."

"Mimi nilisikia yeye ndiye dereva."

Hapo shemeji akacheka kidogo. Dada ameniigizia kicheko hicho mara nyingi, na kila mara sura yake inabadilika.

"Dereva wapi! Nimempa aishike tu mpaka hapo. Yule ni mtu wa nyuma. Hata siti ya mbele ameikatakata, utabadilisha."

Yule bwana akauliza kinachomfanya auze chombo kizuri namna ile. Na shemeji, akidhani anaongea na mtu mmoja, akasema kweli.

"Mkuu, siwezi kukaa nyuma. Siwezi. Kama siendeshi mimi, bora isiwepo kabisa."

Simu ikakatika. Dada akiwa na kona mkononi.

Hebu fikiria. Umepigwa kisu na mtu aliyekushika kiuno, na huwezi hata kugeuka kumwangalia, kwa sababu ukigeuka mtaingia korongoni wote wawili. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, na huyu alikuwa mgongoni kabisa, amejiegemeza. Macho yalimjaa machozi ndani ya helmeti, na machozi kwenye helmeti huwezi kuyafuta. Ilibidi ayaache yakauke yenyewe. Akashusha gia, akaichukua ile kona, akaichukua na iliyofuata. Hasira zilimpanda mpaka mikono ikatulia tuli, jambo ambalo mimi najua ndiyo dalili mbaya zaidi kwa dada yangu.

Walipofika chini akabonyeza kitufe.

"Nimekufungulia," akasema.

"Asante, mama!" Shemeji alikuwa na sauti ya asali. "Umeendesha vizuri mno. Sasa hapo mbele, unaona bango? Kile ndicho kituo. Tuingie tukamsalimie yule rafiki."

"Naona."

Na kweli aliona. Aliona kituo na kibaraza chake cha chai, na pembeni gari la mizigo limefunguliwa nyuma, ubao wa kupandishia umeshashushwa. Bwana mmoja mwenye kofia alisimama kando yake na kamba zimekunjwa begani. Alipoiona ile pikipiki nyeusi akainua mkono.

Dada akawasha indiketa. Akapunguza. Nyuma yake akamsikia shemeji akivuta pumzi ya kutua mzigo. Akaja taratibu mpaka usawa wa mlango wa kituo, karibu kiasi cha kuona mafundo ya zile kamba. Akazima indiketa. Akakaza mafuta.

Ile pikipiki haikuundwa kwa masihara. Ilinguruma ikaruka, bwana wa kamba akabaki ameinua mkono akiwa amegeuka nusu.

"Mama! Hapo! Ni hapo! Umepita!"

Dada akapandisha gia.

"Mama, simama! Rudi! Unanisikia? Simama nimesema!"

Sauti ilikuwa safi kabisa. Kifaa kile kizuri, hata mate ukimeza kinasikika.

"Upepo, baba," dada akasema. "Upepo mwingi. Sisikii."

Shemeji mwenyewe ndiye aliyenisimulia kipande hiki, na hakujitetea. Alisema aliirudia lugha yao ya zamani. Akampiga kofi begani, dada akaongeza mafuta. Akampiga mawili, akaongeza tena. Akafikiria kumfinya kiunoni, akaiacha ile hamu. Alikuwa na helmeti kichwani, barabara inakimbia chini ya miguu yake, na usukani hakuweza kuufikia.

Simu ikaita. Kwa kuchanganyikiwa, shemeji akakandamiza kitufe vile vile kama mwanzo.

"Kapteni, vipi? Mbona mmenipita?"

"Kapteni yuko nyuma," dada akajibu yeye. "Anayeongea ni dereva."

Yule bwana akakohoa.

"Samahani, mama, mimi nilielewana na…"

"Ulielewana na abiria, ndugu yangu. Abiria hana breki na hana pikipiki ya kuuza. Sikulaumu, hukujua. Rudi nyumbani salama na kamba zako. Haiuzwi leo, wala kesho, na siku nikishindwa kuinua mguu kuipanda, nitakufa nayo imefunikwa turubai barazani kwangu."

Yule bwana, ni muungwana kumbe, akasema, "Safari njema, mama dereva," akakata.

Ndipo shemeji akaelewa. Kama dada amesikia simu hii, basi na ile ya mlimani. Ananiambia jasho lilimtoka hadi kwenye glavu.

"Ulisikia yote?"

"Yote."

"Mama, mimi…"

"Hapana. Leo naongea mimi." Na dada akaongea. Hakupiga kelele, maana mtu yuko ndani ya sikio lako kelele za nini. Alimwambia, "Umesema huwezi kukaa nyuma. Mimi nimekaa. Nimekaa huko kwa mvua na kwa jua, kwa mimba ya huyu binti tunayekwenda kwake. Sijawahi kusema kama si mimi basi isiwepo. Mkono wako ulipogoma, wewe uliona pikipiki imekufa. Mimi niliona kuna siti ya mbele iko wazi. Ukitaka basi, kituo kinachofuata nakushusha, nauli unayo. Ukitaka kuona mjukuu kwa njia hii, kaa. Lakini ukikaa, kaa kama abiria."

Tii. Akamzima.

Wakafika kituo kilichofuata. Dada akapunguza makusudi, akasimama kando kabisa pale mabasi yanaposimama, akaacha injini inaunguruma, akasubiri. Hakugeuka. Angeshuka, dada angekwenda peke yake, na mimi ninayemjua nakwambia asingerudi kumchukua. Shemeji hakushuka. Dada akaingiza gia wakaondoka.

Mbele sana, vivuli vimeshaanza kuwa virefu, akamfungulia tena. Kisha ile sauti ikaja, ndogo, haina ukapteni.

"Kuna tuta mbele. Halina alama. Kivuli kimelifunika."

Dada hakuwa ameliona. Akapunguza, wakalivuka polepole.

"Asante," akasema.

"Mama."

"Nini?"

"Hii siti ni ngumu."

"Najua."

"Ni ngumu kama ubao. Kiuno chote kimekufa. Ulikuwa unakaaje hapa?"

Dada anasema kuna jibu refu lilimjia, la miaka yote, akalitafuna akalimeza. Akamwambia asogee mbele kidogo, ashike vizuri, bado ni mbali.

Waliporudi kutoka kwa binti yao, na picha za mjukuu tele kwenye simu, tulikuwa kazini asubuhi shemeji akaingia mlangoni. Alikuwa na siti ya nyuma imebanwa chini ya kwapa la kulia. Aliifungua mwenyewe, skrubu zote, kwa mkono mmoja, na vidole vilikuwa vimechunika. Akaiweka kwenye meza yangu, si ya dada. Alijua mimi ndiye ninayepokea.

"Shemeji," akasema, "naomba mnishonee. Weka sponji nene. Umbo liwe litakavyokuwa."

Ulimi uliniwasha. Nilikuwa na maneno ya kumpa mpaka jioni, na utani wa shemeji unaruhusu. Lakini nikaona dada amesimamisha mashine yake, mguu uko juu ya pedali. Nikaigeuza siti, nikachukua chaki.

"Niandike nani? Kapteni?"

Akamwangalia mkewe. Mkewe akamwangalia makalio, mikono kifuani, kama anavyomwangalia mteja yeyote.

"Andika Abiria," shemeji akasema.

Nikaandika. Dada akainuka, magoti yakalia, akaichukua ile siti, akaisoma, akaipulizia vumbi la chaki. Kisha akaenda nayo ukutani, akazipita siti zote zilizotangulia, akaiweka mwisho wa foleni. Akamwonyesha mumewe benchi la kusubiria.